Harriet Tubman: Shujaa aliyedai haki yake ya vita kwa miaka 34

MNAMO Februari 28, 1899, Rais William McKinley wa Marekani aliidhinisha sheria fupi iliyomhusu mtu mmoja pekee. Sheria hiyo iliamuru kwamba mjane wa mji wa Auburn, jimbo la New York, aongezewe pensheni kutoka dola 8 hadi dola 20 kwa mwezi.

Mjane huyo hakujua kusoma wala kuandika. Mwili wake ulikuwa umechoka, kichwa kilimuuma usiku na mchana, na nyumba yake ilijaa mayatima, wagonjwa na wazee wasio na pa kwenda. Jina lake lilikuwa Harriet Tubman.

Wengi wanamkumbuka mwanamke huyu kama mtumwa aliyetoroka kisha akarudi mara kwa mara kuwatorosha wenzake. Wachache wanajua kwamba nusu ya pili ya maisha yake aliipitisha akibisha milango ya serikali aliyoitumikia vitani, akidai ujira ambao maofisa waliomfahamu walikiri kwamba ulikuwa haki yake, lakini haukutolewa.

Jeraha la ujanani

Harriet alizaliwa yapata mwaka 1822 katika Kaunti ya Dorchester, jimbo la Maryland, na kupewa jina la Araminta Ross. Wazazi wake, Ben Ross na Harriet Green, walikuwa watumwa. Hakuna aliyejishughulisha kuandika tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto wa mtumwa, na upungufu huo mdogo ungekuja kuwatesa maelfu ya watu weusi walipoanza kudai haki zao mbele ya makarani waliotaka kila jambo lithibitishwe kwa karatasi.

Akiwa angali msichana, aliingia katika duka la kijiji cha Bucktown wakati ambapo mnyapara alikuwa akimwandama mtumwa aliyeacha kazi bila ruhusa. Mnyapara alinyakua jiwe la mizani la ratili mbili akamrushia mtoro. Jiwe hilo lilimkosa mtoro, likampiga Harriet kichwani na kumvunja fuvu.

Tangu siku hiyo hadi kufa kwake, aliandamwa na maumivu makali ya kichwa, mishtuko inayofanana na kifafa, na hali ya kuzama ghafla katika usingizi hata akiwa katikati ya mazungumzo. Alipata ulemavu huo kabla ya kuvaa buti la jeshi, na kwa sababu hiyo sheria za pensheni hazikuutambua.

Mwaka 1849, baada ya bwana wake, Edward Brodess, kufariki na ikawa dhahiri kwamba watumwa wake huenda wakauzwa, Harriet alitoroka hadi Philadelphia. Hakutosheka na uhuru wa peke yake. Katika muda wa takriban miaka kumi alirejea Maryland mara 13 hivi na kuwatoa watu wapatao 70, wakiwemo ndugu zake na wazazi wake waliokuwa wamezeeka.

Sheria kali ya mwaka 1850 iliyoruhusu watoro kukamatwa hata katika majimbo ya kaskazini ilimlazimu kuwapeleka wengi wao hadi St. Catharines, nchini Kanada. Mwaka 1859 mwanasiasa William Seward, ambaye wakati huo alikuwa seneta wa New York, alimuuzia kipande cha ardhi pembezoni mwa mji wa Auburn kwa dola 1,200, alipe kidogo kidogo. Hapo ndipo alipowaweka wazazi wake.

Vitani bila mshahara

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, Gavana John Andrew wa Massachusetts alitambua kwamba mwanamke aliyezoea kupenya katika nchi ya adui usiku angekuwa na manufaa makubwa kwa jeshi la Muungano. Mwaka 1862 Harriet alisafiri hadi Beaufort, South Carolina, eneo la pwani lililokuwa limetekwa na jeshi hilo na kujaa watu waliotoka utumwani.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa uuguzi. Aliwaosha majeruhi, akawapikia na kuwatibu waliougua kuhara damu kwa dawa alizozichemsha kutokana na mizizi na magome. Wengine walikuwa na ndui na homa zilizoweza kumuua muuguzi kama zilivyomuua mgonjwa.

Mwanzoni alipewa posho ya chakula kama askari. Watu waliotoka utumwani walipoanza kunung'unika kwamba anapendelewa, aliiacha posho hiyo kwa hiari yake. Usiku, baada ya kutoka hospitalini, alioka mikate na kutengeneza kinywaji cha mizizi, vitu ambavyo viliuzwa kambini ili apate cha kula. Hivyo mhudumu wa jeshi akawa anajilipia mwenyewe gharama za kulihudumia jeshi.

Kufikia mapema mwaka 1863 alikuwa amepewa jukumu lingine. Aliongoza kundi la wapelelezi wapatao wanane au tisa, wanaume weusi waliozifahamu njia za maji za eneo hilo. Walikusanya habari kuhusu mahali walipokuwa askari wa adui, maghala yao na mabomu yaliyotegwa mitoni.

Habari hizo zilizaa matunda usiku wa kuamkia Juni 2, 1863. Harriet, akiwa pamoja na Kanali James Montgomery na wanajeshi weusi wa South Carolina, aliongoza merikebu za kijeshi kupanda Mto Combahee. Mashamba ya mpunga ya mabwana wa watumwa yaliteketezwa na zaidi ya watu 700 wakakombolewa katika operesheni moja. Ndiyo maana anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza nchini humo kuongoza shambulizi la kijeshi.

Wiki chache baadaye, Julai 18, kikosi cha 54 cha Massachusetts kilishambulia ngome ya Wagner na kupoteza askari wengi. Harriet alikuwa miongoni mwa waliowauguza walionusurika.

Kwa kazi yote hiyo alipokea takriban dola 200 pekee katika vita nzima. Hakuwa ameandikishwa katika daftari lolote la jeshi. Maagizo ya upelelezi yalitolewa kwa mdomo, kwa kuwa mambo ya siri hayaandikwi. Wahenga walionya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na onyo hilo lilimpata Harriet barabara.

Kutupwa nje ya behewa

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1865, vita vikielekea ukingoni, alihudumu katika hospitali ya askari weusi katika ngome ya Monroe, Virginia. Hali aliyoikuta huko ilimkasirisha. Wagonjwa weusi walikuwa wakifa kwa wingi kwa kukosa matunzo, na Julai mwaka huo alifunga safari hadi Washington kulalamika mbele ya wakuu.

Akiwa huko aliteuliwa kuwa matroni wa hospitali hiyo. Uteuzi ulikuwepo, mshahara haukuja. Seward, ambaye sasa alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje na ambaye mwenyewe alikuwa anauguza majeraha ya kisu aliyoyapata usiku alipouawa Rais Abraham Lincoln, alimwandikia Jenerali David Hunter barua ya kumpendekeza alipwe. Barua hiyo nayo haikuleta kitu.

Oktoba 1865 alikata tamaa na kuanza safari ya kurejea Auburn. Alikuwa na cheti cha jeshi kilichomruhusu kusafiri kwa nusu nauli. Katika treni iliyotoka Philadelphia kuelekea New York, kondakta alikataa kuamini kwamba mwanamke mweusi angeweza kumiliki cheti cha namna hiyo kwa njia halali. Alimwamuru ahame.

Harriet alipokataa, kondakta aliwaita wanaume wengine wakamng'oa kitini kwa nguvu na kumtupa katika behewa la wavuta sigara. Mkono wake uliumia vibaya. Muuguzi aliyepita katika risasi za vita bila kujeruhiwa alifika nyumbani akiwa mgonjwa, tena kwa mikono ya raia wa upande alioupigania. Kwa miezi kadhaa hakuweza kufanya kazi.

Jeraha hilo pia halikuwa na nafasi katika sheria ya pensheni. Chini ya sheria ya mwaka 1862, mdai alitakiwa kuthibitisha kwamba ulemavu wake ulitokana na utumishi jeshini. La kichwa lilitangulia vita, na la mkono lilimpata vita vilipokwisha. Na hata kama lingempata katikati ya mapigano, karani angeuliza swali lile lile: jina lako liko katika rejista gani?

Faili ya kwanza

Mwaka 1868 mtu mmoja wa Auburn aliyefanya kazi katika benki, Charles Wood, aliamua kulifanya jambo hili kwa utaratibu. Alikusanya vyeti vya njia alivyopewa Harriet na makamanda pamoja na barua za maofisa waliomfahamu, miongoni mwao Jenerali Rufus Saxton na Kanali Montgomery. Kisha akaandika maelezo ya utumishi wake.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Kuanzia Mei 25, 1862 hadi Januari 31, 1865, kwa kiwango cha dola 30 kwa mwezi, Harriet alistahili dola 966. Ukiondoa dola 200 alizokwisha kupokea, serikali ilidaiwa dola 766.

Ushahidi ulikuwa mwingi kuliko waliokuwa nao wadai wengi waliofaulu. Uliokosekana ni mlango wa kuupitishia. Jeshi halikuwa na cheo cha mpelelezi mwanamke, sheria ya pensheni haikumtambua mtu asiyeandikishwa, na Bunge halikuwa na haraka. Faili ililala.

Wakati huo huo, Harriet aliwalisha wazazi wake na watu wengine wengi. Mwandishi Sarah Bradford, aliyeishi katika eneo hilo, aliandika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa kwa michango ya wahisani, na mauzo yake yakampa mhusika takriban dola 1,200. Mwaka 1886 Bradford alichapisha kingine kwa lengo lile lile. Shujaa wa taifa akawa anaishi kwa kuuza hadithi ya ushujaa wake.

Ndoa na hasara

Machi 18, 1869, Harriet aliolewa na Nelson Davis, fundi wa matofali aliyekuwa na umri mdogo kuliko wake kwa takriban miaka 20. Davis alikuwa mwanajeshi wa zamani wa kikosi cha nane cha askari weusi wa Marekani, kilichopigana vita vikali vya Olustee, Florida, mwaka 1864. Alikuwa anaugua kifua kikuu, hivyo mara nyingi mke ndiye aliyekuwa tegemeo la nyumba.

Waliishi pamoja karibu miaka 20, wakalima mboga, wakafuga nguruwe, wakaendesha shughuli ya kufyatua matofali na kumlea mtoto wa kike waliyempanga kuwa wao.

Umaskini humfanya hata mwerevu aamini ahadi za kilaghai. Mwaka 1873 wanaume wawili walimjia wakidai kwamba kuna dhahabu iliyofichwa Kusini wakati wa vita, na kwamba mwenyewe yuko tayari kuiuza kwa noti kwa bei ya chini. Harriet aliazima dola 2,000 kutoka kwa tajiri mmoja wa mji. Usiku wa makabidhiano alishambuliwa na kuibiwa fedha zote.

Mwaka uliofuata, wabunge Clinton MacDougall wa New York na Gerry Hazelton wa Wisconsin waliwasilisha mswada wa kumlipa Harriet dola 2,000 kwa utumishi wake kama mpelelezi, muuguzi na jasusi. Bunge la Wawakilishi liliupitisha. Seneti iliukataa.

Jengo la matofali Washington

Nelson Davis alifariki Oktoba 14, 1888. Miaka miwili baadaye, Juni 27, 1890, Marekani ilipitisha sheria mpya iliyobadilisha maisha ya wanajeshi wa zamani. Sheria hiyo iliondoa sharti la kuthibitisha kwamba ulemavu ulitokana na vita. Mwanajeshi aliyehudumu siku 90 na kuachiliwa kwa heshima, ambaye sasa hakuweza kujikimu kwa kazi za mikono, angeweza kudai pensheni. Mjane maskini wa mwanajeshi huyo angepata dola 8 kwa mwezi.

Maombi yalimiminika kama mvua ya masika. Idara ya Pensheni ilikuwa imehamia katika jengo kubwa la matofali mekundu mjini Washington, ambamo makarani walipekua mafaili kutwa kucha. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, pensheni za vita hivyo zilimeza takriban senti 40 katika kila dola ya mapato ya serikali kuu.

Kwa mwanajeshi mweupe, utaratibu ulikuwa mgumu lakini ulipitika. Mara nyingi alikuwa na kumbukumbu za maandishi za kuzaliwa na za ndoa, daktari wa kijiji na jina moja tangu utotoni. Mweusi aliyezaliwa utumwani hakuwa na vitu hivyo. Aliandikishwa jeshini kwa jina la bwana wake, akalibadilisha alipokuwa huru, akafunga ndoa bila cheti, na mashahidi wake wenyewe hawakujua miaka yao. Kila kosa la tahajia liliweza kuchukuliwa kuwa dalili ya udanganyifu.

Harriet aliwasilisha dai lake la mjane Julai 1890, wiki chache tu baada ya sheria kupita. Mara moja maswali yakaanza. Jeshi lilimfahamu mumewe kwa jina la Nelson Charles, ilhali mjane alijiita mke wa Nelson Davis. Je, hao walikuwa mtu mmoja? Ilibidi aeleze chini ya kiapo kwamba Charles lilikuwa jina la aliyemmiliki utumwani, na Davis jina la baba yake mzazi.

Swali la pili lilikuwa zito zaidi. Kabla ya kutoroka, Harriet alikuwa ameolewa na John Tubman, mtu huru aliyekataa kumfuata kaskazini na ambaye baadaye alioa mke mwingine. Kama mume huyo alikuwa hai mwaka 1869, ndoa ya pili ilikuwa batili na dai lingekufa. Ilipasa kuthibitishwa kwamba John Tubman aliuawa Maryland mwaka 1867, miaka miwili kabla ya harusi ya Auburn.

Majirani waliitwa kutoa ushahidi. Hati za kiapo zikaandikwa, zikarejeshwa, zikaandikwa upya. Mwanamke asiyejua kusoma aliweka alama yake chini ya karatasi baada ya karatasi.

Mnamo Oktoba 1895, zaidi ya miaka mitano tangu alipoomba, dai lilikubaliwa. Alipewa dola 8 kwa mwezi pamoja na malimbikizo ya takriban dola 500. Ndiyo iliyokuwa pensheni yake ya kwanza, na aliipata kwa sababu ya vita alivyopigana mumewe.

Kati ya 25 na 20

Marafiki wa Harriet hawakuridhika, naye pia hakuridhika. Katika hati ya kiapo ya mwaka 1898 hivi, alidai dola 1,800 kwa miaka mitatu ya kazi kama muuguzi na mpishi hospitalini, na kama kamanda wa wapelelezi. Aliyataja majukumu yote mawili kwa makusudi. Hakutaka lile la pili lisahaulike.

Mwishoni mwa mwaka 1897 Mbunge Sereno Payne, aliyewakilisha eneo la Auburn, alikuwa amewasilisha mswada uliotaka Harriet alipwe dola 25 kwa mwezi, kiasi ambacho kingemtambua kama mwanajeshi. Miswada ya namna hiyo, iliyomhusu mtu mmoja, ndiyo iliyokuwa njia ya rufaa ya wale walioshindwa katika Idara ya Pensheni. Ilikuwa mingi mno hata Rais Grover Cleveland, katika muhula wake wa kwanza, aliirudisha zaidi ya 200 bila kuitia sahihi.

Mswada wa Payne ulipofika katika Seneti, wajumbe wa kamati ya pensheni walisita. Dola 25 zilionekana nyingi, na tena zingefungua mlango kwa wengine. Wakaitafuta njia ya katikati. Sheria ya mwaka 1892 ilikuwa imewapa wauguzi wa vita dola 12 kwa mwezi. Wakachukua dola 8 za ujane, wakaongeza 12 za uuguzi, wakapata 20.

Hesabu hiyo ilikuwa nadhifu na ndiyo iliyoidhinishwa na McKinley. Lakini ilikuwa na maana iliyozidi fedha. Tofauti ya dola 5 ndiyo iliyokuwa tofauti kati ya muuguzi na askari. Sheria yenyewe ilimtaja kama mjane wa Nelson Davis, askari wa kawaida wa kikosi cha nane. Mto Combahee haukutajwa, wala wale wapelelezi, wala watu zaidi ya 700 waliopanda merikebu alfajiri ile.

Hata hivyo hakuzikataa. Aliyekuwa na midomo mingi ya kulisha hakuwa na anasa ya kukataa dola 20 kwa ajili ya heshima.

Matibabu aliyojitafutia

Kuhusu afya yake, serikali haikuwa na msaada wowote. Makao ya wanajeshi walemavu yaliyoanzishwa baada ya vita yalikuwa ya wanaume walioandikishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1890, maumivu ya kichwa yalipomnyima usingizi kabisa, alikwenda mwenyewe katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston na kumwomba daktari amfungue fuvu.

Inasimuliwa kwamba alikataa dawa ya usingizi na badala yake akauma risasi, kama alivyowaona askari wakifanya walipokatwa viungo vitani. Alisema baadaye kwamba alipata nafuu.

Mahangaiko hayo yalimwonyesha kwamba wazee weusi wagonjwa hawakuwa na mahali. Mwaka 1896 alihudhuria mnada na kununua ekari 25 zilizopakana na shamba lake, akiwa mtu mweusi pekee katika umati wa wanunuzi. Alitaka kujenga makao ya wazee na maskini.

Madeni yalimzidi nguvu. Mwaka 1903 alilikabidhi shamba hilo kwa kanisa la African Methodist Episcopal Zion, na makao yakafunguliwa rasmi Juni 23, 1908. Kanisa lilipoweka ada ya dola 100 kwa kila anayeingia, Harriet alikasirika. Kwa maoni yake, makao hayo yalipaswa kuwapokea hasa wale wasio na senti. Yeye aliyenyimwa haki kwa kukosa karatasi hakupenda kuona maskini wakizuiwa mlangoni kwa kukosa fedha.

Mwaka 1911, nguvu zikiwa zimemwisha, aliingia katika makao hayo kama mgonjwa. Alifariki Machi 10, 1913 kutokana na nimonia, akiwa amezungukwa na jamaa na marafiki. Alizikwa katika makaburi ya Fort Hill, Auburn, kwa heshima za kijeshi.

Deni lililobaki

Miaka 90 baada ya kifo chake, wanafunzi wa shule moja mjini Albany, New York, walisoma habari za pensheni yake na kuuliza swali ambalo watu wazima walikuwa wamelisahau: zile dola 5 za kila mwezi ziko wapi? Walimfikia Seneta Hillary Clinton. Mwaka 2003 Bunge liliidhinisha dola 11,750 zilipwe kwa makao ya Harriet Tubman mjini Auburn, thamani ya wakati huo ya tofauti kati ya 20 na 25 tangu 1899 hadi 1913.

Heshima nyingine zilifuata. Mwaka 2021 jeshi la Marekani lilimwingiza katika orodha ya mashujaa wa kikosi chake cha ujasusi. Novemba 11, 2024, siku ambayo Marekani huwaenzi wanajeshi wake wa zamani, jimbo la Maryland, lile lile lililomzaa utumwani, lilimtunuku cheo cha brigedia jenerali katika jeshi lake la akiba.

Aliyeambiwa kwamba hakuwa askari sasa ni jenerali. Lakini cheo hakili wala hakivai. Katika miaka aliyokuwa akifyatua matofali na kuuza kuku ili kuwalisha mayatima, ni dola 5 kwa mwezi alizozihitaji, na tatizo halikuwa kwamba serikali haikumfahamu. Barua za majenerali zilikuwemo ndani ya faili. Kilichokosekana ni ofisa mmoja wa kuamua kwamba ushahidi wa mwanamke mweusi asiyejua kusoma unatosha.

Katika kila nchi iliyowahi kupigana, wapo waliobeba mizigo, waliopika, waliouguza na waliopeleka habari usiku, ambao majina yao hayamo katika rejista ya jeshi lolote. Huzeeka wakisubiri barua. Harriet Tubman alisubiri miaka 34 kabla ya nchi yake kutambua kwa sheria japo sehemu ya kazi yake, naye alikuwa miongoni mwa watu mashuhuri nchini humo. Asiyekuwa mashuhuri hakusikika kamwe.